Seva za Chama Chenu Zinahitaji Sasisho: Mruke Moja kwa Moja au Mpande Ngazi?

Ule ujumbe wa "huduma haitapatikana kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri" huudhi watu wengi, hasa ukiwa bado uko njiani na nauli iko kwa simu. Mara nyingi usiku huo mafundi wanaboresha programu dhibiti za seva. Na siku hizi kazi hiyo si ya kampuni kubwa peke yake. SACCO, shule na maduka ya jumla yanayopokea malipo kwa Paybill nayo yana seva zao. Kama wewe ni mweka hazina au mwanakamati, siku moja fundi atakuja kuomba ruhusa ya kuzima mitambo. Ni vizuri ujue anaomba nini.

Programu dhibiti hukaa ndani ya kifaa chenyewe na kukiambia jinsi ya kuwaka, kabla hata Windows au Linux haijaamka. Kwenye seva za bledi iko sehemu nyingi. Bledi ni seva nyembamba zinazochomekwa kwenye kasha moja kama vitabu kwenye rafu. Kasha la HPE c7000, kwa mfano, hubeba hadi 16 za nusu kimo, na zote hutumia umeme, feni na swichi za pamoja. Kwa hivyo kuna programu dhibiti ya kasha, ya swichi, ya kila seva, ya diski, na zote lazima zielewane. Ukiboresha moja na kuacha nyingine nyuma sana, unaweza kukuta seva ni nzima lakini mtandao hauonekani.

Basi si afadhali tuache tu, mradi inafanya kazi? Hapana. Novemba 2019, HPE ilitangaza kwamba baadhi ya diski zake za SSD zenye programu dhibiti ya kabla ya toleo HPD8 zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa. Hiyo ni miaka 3, siku 270 na saa 8. Diski ikishakufa hivyo, haifufuki, na data iliyokuwa ndani haipatikani tena. Kibaya zaidi, diski zilizowashwa siku moja zingekufa karibu wakati mmoja, kwa hivyo ule ujanja wa kuweka nakala kwenye diski jirani haungesaidia. Machi 2020 likaja tangazo lingine kama hilo, safari hii ni saa 40,000. Fikiria hizo ndizo diski zenye michango ya wanachama. Dawa ilikuwa sasisho tu.

Sasa, njia gani? Kuna kuruka kutoka toleo la zamani hadi jipya kabisa, na kuna kupanda ngazi kupitia matoleo ya katikati. Kuruka ni haraka, na kama hamjachelewa sana huwa hakuna neno. Lakini kama kasha halijaguswa miaka minne au mitano, fundi asome kwanza maelezo ya toleo, kwa sababu mengine hayakubali kuwekwa juu ya toleo la zamani mno. Binafsi sioni sababu ya kukimbilia toleo lililotoka wiki jana, isipokuwa linaziba tundu la usalama. Watengenezaji hutoa kifurushi cha matoleo yaliyojaribiwa pamoja (HPE hukiita Service Pack for ProLiant), na kwa ofisi ndogo hiyo ndiyo njia ninayoipendelea kuliko kuokota faili moja moja.

Halafu kuna suala la pesa. Tangu Februari 2014, baadhi ya sasisho za seva za ProLiant hupatikana tu kama seva iko chini ya waranti au mkataba wa huduma. Mkinunua seva za mtumba kwa bei tamu, ulizeni hilo kabla ya kulipa.

Usiku wenyewe wa kazi, fundi mzuri huhakikisha kwanza nakala ya data imerudishwa mahali pengine na ikafunguka. Kisha huhamisha kazi kutoka bledi moja, huiboresha, huiangalia, ndipo aende ya pili. Ndiyo maana inafaa kasha liwe na angalau bledi moja ya ziada. Akikuambia ataboresha zote kwa mpigo ili alale mapema, mkatalie. Muulize pia atarudi vipi nyuma mambo yakiharibika, maana si kila programu dhibiti inarudi toleo la zamani.

Nawe mteja uliye upande wa kulipa: ukituma pesa karibu na saa ya matengenezo na ujumbe wa uthibitisho usije, usitume tena papo hapo. Angalia salio kwanza, halafu subiri huduma irudi. Na mtu akikupigia akidai "tunaboresha mitambo, tupe PIN yako," kata simu. Seva haiboreshwi kwa PIN ya mteja.