Logisieli mupya, majina ya hewa yaleyale

Muuzaji akileta logisieli ya kutambua wafanyakazi, anaonyesha mashini ya vidole na skrini ya rangi nzuri, wakubwa wanafurahi. Sisi wa sendika tunauliza kwanza: nani ana ruhusa ya kuingiza jina, na nani analitoa?

Inchi yetu imekwisha kulipa somo hilo. Tangu 2011 mishahara ya watumishi wa Leta ilianza kupita ku benki, na wengi walifikiri majina ya hewa yatakwisha. Mwanzo wa 2023, IGF, wakaguzi wa feza za Serikali, walitangaza walichokuta ku listi za malipo: watu 145 604 wenye matrikule isiyo ya kweli, 53 328 wenye kutumia matrikule moja na wengine, na 93 356 wanaolipwa lakini majina yao hayako ku listi za kazi. Hasara ni karibu miliari 149 za franka kila mwezi. Na huku kwetu, Uvira na Fizi, kuna walimu wanaofundisha kila asubui bila mushahara wa Leta. Wazazi ndio wanawashika mukono. Odinatere ilihesabu vile ilivyopewa.

Kwa hiyo tuipime na watu wa hapa, mbele ya kutia saini. Aitwe muchimba zahabu wa Misisi: mawe yamekula vidole vyake, mashini haisome kitu. Muvuvi wa Kalundu ni vilevile, kamba imemumaliza. Kama hakuna njia ya pili, sura ao jicho, mutu wa kweli anafukuzwa ku listi na wa hewa anabaki. Kisha tukate umeme na intaneti (hilo halitatusumbua, vinajikata vyenyewe) tuone kama inaendelea kuandika.

Tena, unamutambua mutu na karatasi gani? Hesabu ya mwisho ya raia ilifanyika 1984. Kitambulisho chetu ni karte ya uchaguzi, na nyingi za 2023 maandishi yalifutika mapema sana. Mafuriko ya Mulongwe, mwezi wa ine 2020, yalibeba nyumba pamoja na makaratasi. Byamungu wa masomo anaitwa Biamungu ku benki. Logisieli nzuri inauliza kama ni mutu mumoja. Mbaya inamulipa mara mbili, ao inamukata kabisa.

Mukataba nao usomwe. Ukiisha, majina na vidole vyetu vinarudi kwetu, ao vinabaki kwa muuzaji? Mwenye kufa jina lake linatoka kisha siku ngapi? Kila jina linaloongezwa lionyeshe watu wawili walioliruhusu, siku na saa. Na listi ibandikwe ku mulango wa kazi kila mwezi, wenzake wasome: mwalimu wa Fizi anajua nani anafundisha chumba cha pembeni. Kosa likionekana, lisahihishwe hapa Uvira, bila mutu kulipa safari mupaka Bukavu ao Kinshasa kwa ajili ya herufi moja.