Pampu Nyingine Katika Injini ya Zamani

Trekta la kijiji limezeeka. Pampu yake ya maji inavuja, na pampu ya aina ile haipatikani tena madukani. Fundi anasema atafunga pampu ya injini nyingine. Je, inawezekana? Ndiyo, lakini kuna mambo ya kupima kwanza.

Injini ikifanya kazi hupata moto mwingi. Pampu husukuma maji yazunguke ndani ya bloku, yaani mwili wa injini. Maji hubeba joto na kulipeleka kwenye rejeta. Maji yasipozunguka, pistoni hutanuka na kukwama. Injini nzima huweza kuharibika.

Kwanza, tazama njia ya maji. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ya Marekani ilianza kuuza injini ya V8. Pampu zake mbili zilikaa juu, zikavuta maji ya moto. Mwaka 1937 zilihamishiwa mbele ya bloku, zikasukuma ndani maji yaliyopoa. Jina la injini lilikuwa lile lile, lakini njia ya maji haikuwa ile ile.

Pili, linganisha matundu. Weka karatasi ngumu kwenye uso wa bloku, uchore matundu yote. Kisha iweke karatasi hiyo kwenye pampu. Matundu yasipolingana, usikimbilie kutoboa bloku. Ukuta wake si mnene, na nyuma yake kuna maji. Mara nyingi ni afadhali kuchonga kipande cha chuma bapa, kikae katikati ya pampu na bloku. Kila upande utiwe gasketi.

Tatu, pima urefu wa bolti. Bolti ndefu mno ikifika mwisho wa tundu na kukazwa kwa nguvu, huweza kupasua bloku.

Nne, izungushe pampu kwa mkono. Mapanga yake yasiguse chuma. Hakikisha pia kwamba mkanda utaizungusha upande wake, na kwamba puli zote zimenyooka pamoja.

Kazi ikiisha, jazeni maji, muiwashe injini polepole na kutazama kama inavuja. Msifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, maana maji huruka na kuunguza.

Kumbukeni: pampu hununuliwa tena, lakini bloku iliyopasuka ni hasara ya kijiji kizima.

Maswali
1. Kwa nini si vizuri kutoboa bloku ovyo?
2. Karatasi ngumu ina kazi gani?