Vumbi la Kahawa na Koo la Mfanyakazi

Ndugu wafanyakazi wa viwanda vya kukoboa kahawa hapa Bujumbura, koo linalowasha kila msimu si mafua. Vumbi la kahawa mbichi hukataliwa na miili ya baadhi yetu: koo huwasha, pua hutiririka, sauti hukauka. Kahawa ikikaangwa ukali hupungua, ndiyo maana wanaoumia zaidi ni watu wa mashine na wapakiaji. Gunia lililobeba mbegu za mbarika ni baya zaidi.

Jumapili unapata nafuu, Jumatatu yanarudi? Mwambie mjumbe wenu aandike tarehe. Maziwa tunayopenda kunywa hayaondoi vumbi. Tudai feni za kulivuta mashineni, na barakoa. Mwenzenu akivimba koo na kubanwa pumzi, mpelekeni hospitali papo hapo, msingoje zamu iishe.