Siku Moja Serengeti kwa Mfuko wa Familia

Mama mkwe wangu amezaliwa na kukulia upande wa Machochwe, wilayani Serengeti, mahali ambapo mpaka wa hifadhi hauko mbali na shamba. Kwa umri wake wote amemjua tembo kwa namna moja tu: usiku, kwa kishindo ndani ya mahindi, akifukuzwa kwa debe, tochi na kelele. Kilichobaki asubuhi ni mabua yaliyolala, fomu ya kuomba kifuta jasho, na kusubiri. Wajukuu wake, tunaoishi nao Tarime mjini, wamehifadhi Suratul Fiyl tangu wakiwa wadogo, lakini ndovu mwenyewe walikuwa wamemwona kwenye noti ya shilingi 10,000 tu.

Ndugu msomaji, watalii hupanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kuitazama ardhi hii. Sisi tunaoamka karibu nayo tumezoea kusema kwamba hifadhi ni ya wageni. Nami nilisema hivyo kwa miaka mingi. Mwaka juzi tulijaribu kwenda, tukampa malipo ya awali mtu aliyejitambulisha kuwa wakala wa safari. Siku ilipofika hakuonekana yeye wala gari, na simu ikawa haipokelewi. Watoto walikuwa wamekwisha kuvaa. Sitasahau jinsi mdogo wao alivyovua viatu vyake kimya kimya na kuvirudisha chini ya kitanda.

Baada ya hapo mume wangu aliuliza swali ambalo tulipaswa kuliuliza mapema: hiyo bei kubwa tuliyotajiwa ni ya nini hasa? Ni ya lango, au ni ya gari, hoteli na mtu wa kati? Mwaka jana tuliitafuta bei ya kila kitu peke yake, tukagundua kwamba lango ndilo jambo rahisi kuliko yote.

Raia wa Afrika Mashariki mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea hulipa shilingi 10,000 kuingia Serengeti, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 hulipa shilingi 2,000. Aliye chini ya miaka 5 halipi. Watoto wangu walicheka walipogundua kwamba mkubwa huingia kwa noti yenye tembo na mdogo kwa noti yenye simba. Sisi tulikuwa watu 14 wa familia tatu: wakubwa sita, watoto sita wanaolipiwa, na wachanga wawili. Jumla ilikuwa shilingi 72,000, na pamoja na kodi shilingi 84,960. Mgeni mmoja kutoka nje ya Afrika, katika msimu wa juu, hulipa dola 70 kabla ya kodi hiyo hiyo. Yaani watu 14 wa Tarime na Machochwe tuliingia kwa chini ya nusu ya anacholipa yeye peke yake. Viwango hubadilika, hivyo viulizwe kabla ya safari katika ofisi za TANAPA au langoni.

Unafuu huo una sharti lake: lazima uthibitishe kwamba wewe ni raia. Mkubwa achukue kitambulisho cha taifa, na mtoto achukuliwe cheti cha kuzaliwa au nakala yake. Mama mmoja wa familia yetu nusura asahau vyeti vya wanawe nyumbani, na tulikwisha kufika Nyamongo alipokumbuka kuvitafuta mkobani. Alhamdulillah, vilikuwemo. Tena langoni hawapokei fedha taslimu. Hupewa namba ya malipo, ukalipa kwa benki au kwa simu, na mtandao wa simu upande wa Ikoma una siku zake. Fedha ziwe zimekwisha kuwekwa kwenye simu kabla ya kutoka Mugumu, na ziwe katika simu mbili za mitandao tofauti.

Kinachomeza fedha ni gari na mafuta. Ndiyo sababu nawashauri wazazi wenzangu msiende familia moja moja. Jirani yetu ana Hiace ya abiria 14 anayoitumia kwa shughuli zake. Alilitoa gari na kuliendesha mwenyewe, sisi tukatoa mafuta, matengenezo madogo na chakula. Anayetaka kukodi gari la mtu aulize kwanza langoni ni nyaraka zipi zinazotakiwa kwa gari la kukodiwa, maana kurudishwa langoni na gari zima la watoto si jambo dogo. Gari nalo lina ada yake, inayokwenda kwa uzito. Kila familia iliweka shilingi 10,000 kwa wiki kwa wiki 12, zikapatikana 360,000. Mwekahazina alikuwa dada wa mume wangu, mjane mwenye watoto watatu, ambaye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kuhusu michango.

Tulichagua mwezi wa Juni kwa sababu mbili zilizokutana vizuri. Shule zimefungwa, na mvua za masika zimekwisha, hivyo njia kuu hupitika hata kwa gari lisilo refu. Hiace na udongo mweusi wa mbuga uliolowa havipatani kabisa. Isitoshe, katika majira hayo makundi ya nyumbu huwa yanatoka nyanda za kusini kupitia upande wa Grumeti na Ikoma kuelekea kaskazini, ambako hukaa karibu na Mto Mara kuanzia Julai hadi Oktoba hivi. Yaani wakati watoto wetu wako nyumbani, nyumbu nao wako karibu na mlango wetu.

Sisi wa Tarime tulilala Mugumu kwa ndugu, tukamkuta mama mkwe wangu amekwisha kufika. Tangi lilijazwa hapo hapo Mugumu, kwa sababu Seronera mafuta yapo lakini bei yake ni ya porini. Matairi ya akiba yalikuwa mawili. Tulisali Alfajiri msikitini, tukaondoka giza likianza kupasuka. Barabara ya kwenda Robanda yenyewe ni matembezi: kabla hata ya kufika Lango la Ikoma watoto walikwisha kuhesabu pundamilia na nyamera, na hapo hatukuwa tumelipa senti moja.

Kuhusu mavazi, akina mama nisikilizeni. Misitu ya upande wa Ikoma ina mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi nyeusi na buluu iliyokolea. Nilivaa buibui langu jeusi kama kawaida yangu, nikang'atwa njia nzima, huku wifi yangu, aliyevaa gauni pana na shungi vya rangi ya udongo, amekaa kwa raha akinitazama. Stara haina lazima ya weusi. Safari hii vaeni rangi za majani makavu.

Chakula tulipika wenyewe: pilau kwenye hotipoti, chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, na madumu mawili ya maji, moja la kunywa na moja la udhu. Kwa familia ya Kiislamu hilo huondoa pia wasiwasi wa kuuliza nyama imechinjwaje. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na hifadhini jambo hilo hawalifanyii mzaha. Vitu viwe ndani ya makapu na vyombo vyenye vifuniko. Vifuniko, tena vya kubana, kwa sababu nyani hawabishi hodi.

Ndani ya hifadhi mwendo hauzidi kilomita 50 kwa saa, na hakuna kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa. Sharti hilo la pili ndilo linalopanga siku nzima ya Mwislamu. Huwezi kuona saa ya sala imefika ukasimamisha gari chini ya mgunga. Tulipanga kwa hesabu: Adhuhuri huingia Mara kama saa 6:45 mchana mwezi huo, kwa hiyo saa 6:30 tuwe tumefika kituo cha wageni cha Seronera, katikati ya hifadhi, ambapo pana vyoo, vivuli, na mahali pa kulia. Kibla kutoka huko ni kaskazini, ukiegemea kidogo mashariki. Tulitandika mikeka pembeni, pimbi wakitutazama kutoka juu ya mawe. Kuhusu kupunguza na kukusanya sala, umbali wa kutoka Tarime hadi Seronera unavuka ule wa marhala mbili unaotajwa na wanazuoni wengi. Familia iishiyo Mugumu, ambayo iko karibu zaidi, imuulize imamu wake kabla ya safari, isije ikabishana njiani.

Asubuhi hiyo tulikuwa tumeufuata Mto Seronera polepole. Simba watatu walilala kivulini kama paka wa nyumbani, na mtoto wa jirani yangu alisononeka kwamba hawakunguruma. Chui hatukumwona. Pale dereva wetu hakuwa na redio ya kuambiana na wenzake simba yuko wapi, kama walivyo nayo madereva wa kampuni. Hiyo ni hasara ya kujiendea, na sitaificha. Tulichofanya ni kusimama mbali kidogo kila tulipoona magari mawili matatu yamekusanyika, tukasubiri zamu yetu. Anayeweza kumwajiri mwongoza watalii mwenye kibali akae na dereva, basi gharama ikigawanywa kwa familia tatu ina thamani yake. Safari ijayo tutafanya hivyo.

Baada ya chakula tulikwenda bwawa la viboko la Retima, mahali ambapo mito ya Seronera na Orangi hukutana. Hapo huruhusiwa kushuka na kusimama kwenye ukingo. Harufu yake ni kali mno. Watoto waliipenda kuliko kitu chochote cha siku hiyo.

Ni karibu na Mto Orangi, tukianza kurudi, ndipo tulipokutana na tembo. Walikuwa zaidi ya ishirini, wanavuka barabara mbele yetu bila haraka. Dereva alizima injini. Mwanangu mkubwa alianza kuisoma sura yake kwa sauti ya chini, akakatisha. Nilimtazama mama mkwe wangu. Alikuwa amekishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyojishika basi linapoyumba. Jike mmoja alisimama katikati ya njia akatugeuzia uso, masikio yamekunjuliwa, hadi ndama wawili walipopita nyuma yake. Kisha naye akaenda.

“Kumbe wana watoto,” alisema mama mkwe wangu baada ya kitambo. Kisha akaongeza kwa sauti yake ya kawaida: “Na mahindi yangu bado wanayadaiwa.” Gari zima lilicheka, naye akacheka.

Sisemi kwamba siku moja ya matembezi inalipa shamba. Hailipi. Wanaoishi kando ya mpaka wanajua kwamba ng'ombe hupotea, mazao huliwa, na kifuta jasho huchelewa. Lakini hifadhi hii imekuwapo tangu 1951, ina eneo la kilomita za mraba 14,763, na mzee aliyeishi na hasara zake maisha yake yote hakuwahi kuona neema yake hata asubuhi moja, eti kwa kudhani kwamba bei yake ni dola. Naona hilo nalo ni deni, na hili sisi wana tunaweza kulilipa wenyewe.

Malango hufungwa saa 12 jioni na hakuna kutembea usiku. Wageni wanaoshuka kutoka meli za kitalii pale bandarini Zanzibar, wakaamua kuzunguka Mji Mkongwe wenyewe bila ziara ya meli, hujua kwamba meli haimngoji aliyechelewa. Sisi nasi tulipaswa kujipangia hivyo. Tulikuwa tumekubaliana kuanza kurudi saa 9:30 alasiri, tembo wakatuchelewesha, na mtoto mmoja akataka choo mara mbili. Tulitoka Lango la Ikoma zikiwa zimebaki dakika 20, nami nilikuwa nimekwisha kuanza kulaumu watu. Anayepanga kama sisi ajiwekee saa nzima ya akiba.

Magharibi ilitukuta Robanda, kijiji cha kwanza nje ya lango, tukasali hapo na kuendelea hadi Mugumu, watoto wote wamelala juu ya mabega ya wakubwa. Wifi yangu alifungua daftari usiku ule ule, kabla ya chai. Baada ya ada za watu na gari, mafuta, na chakula, zilibaki shilingi 31,000. Jirani alipendekeza zigawanywe kwa familia tatu. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwa ameombwa rai, akasema zisiguswe. Amesikia kwamba ule upande wa Lamai, ng'ambo ya Mto Mara, nyumbu huvuka wakiwa maelfu, na anataka kujua kama Hiace inafika.