Mgonjwa Aulizwe kwa Lugha Gani?

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza jirani yangu, bibi wa miaka sabini na ushei, hadi hospitali moja baada ya kuteleza na kugonga kichwa kwenye ukingo wa ngazi. Muuguzi kijana alimwinamia, akamuuliza kwa Kiingereza jina lake, mahali alipokuwa, na siku hiyo ilikuwa siku gani. Bibi akamkodolea macho. Muuguzi akarudia kwa Kiswahili cha harakaharaka. Bibi akajibu kwa Kikamba, sentensi ndefu iliyonyooka. Kwenye karatasi ikaandikwa kwamba mgonjwa anatoa sauti zisizoeleweka.

Mimi niliyekinyonya Kikamba pamoja na maziwa ya mama nilimwelewa barabara. Alisema kwamba yuko hospitalini, kwamba leo ni siku ya soko, na kwamba anashangaa kijana huyu amelelewa wapi hata asiamkue wakubwa kwanza. Kwa ufupi, bibi alikuwa anajitambua kuliko sisi sote tuliomzunguka.

Huenda msomaji akaona ni kisa cha kuchekesha. La hasha! Maswali yale si ya kupitisha wakati. Yanatokana na mizani iliyobuniwa mjini Glasgow, Uskoti, na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett, wakaitangaza mwaka wa 1974. Mizani hiyo hupima mambo matatu: kufumbua macho, kwa alama 4; kusema, kwa alama 5; na kusogeza viungo, kwa alama 6. Mzima hupata 15; aliyezama kabisa hupata 3. Katika upande wa kusema, anayejibu sawasawa hupewa 5, aliyechanganyikiwa 4, anayetamka maneno ya ovyo 3, anayetoa sauti tu 2, na aliye kimya 1.

Sasa tupige hesabu. Bibi alistahili 15. Kwa kuandikiwa sauti tupu, akashuka hadi 12. Aliyeumia kichwa akiwa na alama 13 hadi 15 huhesabiwa kuwa na jeraha hafifu. Mwenye 9 hadi 12, la wastani. Mwenye 8 kushuka chini, jeraha kali. Bibi alivushwa kutoka daraja moja hadi jingine, wala si kwa pigo la ngazi, bali kwa pengo la lugha.

Kosa la kinyume chake ni baya zaidi. Mgonjwa huweza kupayuka kwa sababu damu inavuja ndani ya fuvu, sukari imeshuka mwilini, au malaria imepanda ubongoni; kisha mtu akasema, "Mwacheni, hajui Kiswahili tu huyo." Akiachwa alale, huenda asiamke.

Lugha ina mitego mingine. Wa kwanza ni salamu. Mswahili akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo" hata akiwa mahututi. Jibu hilo hutoka kwa mazoea, halithibitishi kwamba fahamu zimetimia. Hata neno "macho" hudanganya: mtu anaweza kuwa macho na asijitambue. La kwanza ni kuamka. La pili ni kujua wewe ni nani, uko wapi, ni wakati gani, na limekupata jambo gani.

Mtego wa pili ni kalenda. Mzee wa pwani akisema tumo katika mfungo sita, hakuchanganyikiwa. Anahesabu miezi tangu mfungo wa Ramadhani ulipokwisha. Akisema aliugua usiku wa Ijumaa, yamkini anakusudia ule usiku ambao ofisini huitwa Alhamisi usiku, kwa kuwa kwake siku huanza jua linapotua. Mtego wa tatu ni majina. Mama aliyeitwa kwa jina la mwanawe kwa miaka arobaini huenda asilitaje upesi lile lililo katika kitambulisho.

Tena kuna wale waliopokonywa lugha yenyewe. Mwaka wa 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alimweleza mgonjwa aliyeelewa mengi aliyoambiwa lakini akabakiwa na silabi moja tu, "tan". Mgonjwa wa kiharusi huweza kuwa katika hali hiyo. Si mwendawazimu wala hakulewa. Kilichopotea ni maneno, na kila dakika anayocheleweshewa tiba inamgharimu.

Tufanyeje basi? Kwanza, mgonjwa aamkuliwe kwa heshima, kisha aulizwe kwa lugha anayoijua zaidi. Isipojulikana, atafutwe jamaa, mfagizi au mgonjwa mwenziwe wa kutafsiri. Pili, jibu liandikwe jinsi lilivyotamkwa, pamoja na lugha iliyotumika na saa. Tatu, maswali yarudiwe, kwa maana linalotisha hasa ni mabadiliko: aliyejibu vyema saa nne na kubabaika saa tano anahitaji daktari mara moja.

Nanyi walimu wenzangu, mwanafunzi akigongwa kichwa uwanjani, msitosheke na "Sijambo" yake. Mwulizeni yuko wapi, wanacheza na nani, nani kafunga bao la mwisho. Akibabaika, akitapika mara kwa mara au akizidi kusinzia, msimwambie akapumzike bwenini, mpelekeni hospitali.

Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya mwaka wa 2010 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Nami nauliza: anayehojiwa kwa lugha asiyoijua, kisha akahukumiwa kwa kimya chake, amepewa matibabu au amenyimwa nusu yake? Vyuo vinavyofunza wauguzi na madaktari havina budi kulijibu swali hilo katika mitaala yao.

Bibi yule alipona. Kabla ya kuondoka alimwita muuguzi, akamfundisha salamu ya Kikamba, akamtaka airudie hadi aipatie. Kijana aliipatia mara ya tatu.