Wageni Tulikuwa Sisi: Safari ya Mlima Rainier

Chama chetu kilipotangaza safari ya kutembea kwenye theluji, wengi tulicheka. Watu wa Mombasa, Bujumbura na Dar es Salaam, baridi ya Seattle haitutoshi? Hata hivyo, Jumamosi moja ya Februari tulifika Paradise, upande wa kusini wa Mlima Rainier, karibu mita 1,650 juu ya usawa wa bahari. Majira ya baridi ya 1971-72, theluji iliyoanguka hapa ilizidi mita 28.

Mhifadhi aliyetuongoza alitugawia viatu vya theluji: fremu pana zenye meno ya chuma, zinazofungwa chini ya buti. Hutawanya uzito wa mtu ili asizame. Mwanzoni tulijikanyaga wenyewe tukaanguka. Tulipojifunza kupanua miguu, tukaenda.

Alituonyesha nyayo za sungura wa theluji, ambaye amezaliwa na viatu vyake: miguu mipana yenye manyoya. Akatueleza pia habari za ndege mmoja wa jamii ya kwale, anayegeuka mweupe wakati wa baridi na kujifukia kwenye theluji apate joto. Mwaka 2024 Serikali ya Marekani ilimwingiza kwenye orodha ya viumbe wanaotishiwa kutoweka, kwa kuwa milima inazidi kupata joto. Theluji tuliyoiogopa ndiyo blanketi lake.

Tuliporudi kwenye maegesho, alitujia mbweha mweusi mwenye ncha nyeupe mkiani. Mwenzetu akatoa sambusa. Mhifadhi akamzuia haraka: mbweha akilishwa huzoea kufuata magari, mwisho hugongwa. Mwenzetu aliona haya. Kwetu anayekuja wakati wa chakula hanyimwi. Lakini pale wenyeji hawakuwa sisi.

Jambo lililotugusa zaidi ni Nisqually, mto wa barafu unaoshuka kutoka kileleni. Katikati ya karne ya 19 ncha yake ilipita mahali lilipo daraja la barabara leo. Sasa imerudi nyuma sana, bondeni yamebaki mawe. Tukakumbuka Kilimanjaro, uliopoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake tangu 1912.

Ndani ya basi tulibishana: tuseme "mto wa barafu" au "barafuto"? Mwalimu wetu alisikiliza, kisha akasema tuchague upesi, kabla chenyewe kinachoitwa hakijaisha. Hakuna aliyecheka.