Kocha wa Maisha na Tiba ya Kisaikolojia: Nani Aonwe, na Lini?

Mtu anayetaka kubadili kazi au kutimiza lengo aliloliahirisha kwa muda mrefu anaweza kunufaika na kocha wa maisha. Kocha humsaidia kupanga hatua na kuzifuatilia. Hatambui ugonjwa wala hatibu, na katika nchi nyingi kazi yake haihitaji leseni.

Tiba ya kisaikolojia hutolewa na mtaalamu aliyesomea maradhi ya akili. Yeye hupima dalili, huchunguza chanzo chake, na hutibu sonona, wasiwasi uliokithiri na athari za kiwewe.

Hatari huanza pale mgonjwa wa sonona anapopewa malengo badala ya tiba. Ugonjwa humwondolea nguvu. Akishindwa kuyatimiza, hujiona mvivu, na hali huzidi kuwa mbaya.

Huzuni au kukosa raha kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na kuvurugika kwa usingizi na hamu ya chakula, ni sababu ya kufika kituo cha afya. Mawazo ya kujiua hayangoji hata siku moja. Mhudumu wa afya na aulize waziwazi: swali hilo halimpandikizii mgonjwa wazo la kujiua, bali humfungulia njia ya kusema.